Safari ya Umatengo, milimani Mbinga, kwenye misa ya mwaka ya Baba Mkubwa

Jumanne: Dar es Salaam hadi Songea

Basi limetoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, limejaa mpaka kwenye ngazi. Kwenye mkoba nina vitenge viwili vya Mama Mkubwa, mshumaa wa misa, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne: wasifu wa marehemu uliosomwa mwaka jana siku ya mazishi. Kaka alinipigia wiki iliyopita akasema, "Dada, misa ya mwaka inakuja na kaburi tunalijengea. Huo wasifu uutazame upya. Mwaka jana tuliuandika usiku, watu wanalia."

Nimeumaliza kabla hatujafika Chalinze. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto saba. Kisha: "Enzi za uhai wake marehemu alijishughulisha na kilimo." Nukta. Baada ya hapo ni ugonjwa, aya moja na nusu, hospitali zote alikopelekwa na vipimo vyote alivyofanyiwa. Mtu kaishi miaka zaidi ya themanini, kaugua miezi minne, na hiyo minne ndiyo iliyokula karatasi.

Wasifu wa aina hii nimeusikia misiba mingi. Akifa mwalimu watataja shule zote alizofundisha. Akifa karani watapanga vyeo vyake kimoja baada ya kingine. Mkulima anajishughulisha tu, kama mtu aliyekuwa akisubiri gari.

Njia yenyewe ndefu, karibu kilomita elfu moja, na sina mengi ya kusema juu yake. Mikumi tumeona tembo watatu na abiria wote wamehamia upande mmoja. Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wamening'iniza mafungu yao madirishani kabla basi halijasimama. Kitonga tumepanda nyuma ya lori la mafuta. Makambako tumekunja kushoto, Njombe baridi ikaingia, watu wakafunga madirisha na mazungumzo yakaisha.

Baba Mkubwa alipita njia hii mara moja tu, kuja kwenye harusi yangu. Alikaa Dar wiki mbili na hakuuliza habari za bahari wala maghorofa. Alichouliza, tukiwa tumesimama Kimara baada ya mvua kubwa, barabara imegeuka mto, ni hiki: "Hapa maji yenu huwa mnayapeleka wapi?" Nikamwambia yanakwenda yenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wanajichunga.

Songea saa tatu usiku. Nimelala nyumba ya wageni karibu na stendi.

Jumatano: Songea, Mbinga, nyumbani

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita mia moja, na kwa lami ya sasa ni safari ya asubuhi. Tumepita njia ya Peramiho, walikojenga wamisionari wa Kibenediktini mwaka 1898. Wazee wetu walikwenda hospitali ya Peramiho kwa miguu, mgonjwa akiwa kwenye machela. Kabla ya lami kukamilika, miaka ya 2010, masika gari liliweza kulala njiani siku mbili, na waliokuwa wakisafirisha kahawa walibeba sufuria na unga wao.

Mbinga mjini nimekutana na kaka, tumenunua saruji, vigae na mbasa wa ziwa. Siku hizi samaki wa Mbamba Bay wanafika Mbinga asubuhi ile ile, na nao wanaletwa na lami. Saruji imepakiwa kwenye pikapu. Mimi nimepanda bodaboda kwa sababu pikapu ingepita njia ndefu, nami nilitaka kupita juu, upande wa Litembo.

Nafurahi nilipita juu. Machi ni mwezi wa kuliona Umatengo. Ukisimama kwenye kilele kimoja ukatazama mteremko wa mlima wa pili, unaona mashimo yamepangwa safu kwa safu kuanzia karibu na kilele hadi mtoni, shimo na tuta, shimo na tuta, kama trei za mayai zilizoegemezwa ukutani. Hayo ndiyo ngoro. Mteremko wenyewe mtu asiyeuzoea hawezi kuupanda bila kushika nyasi, na watu wanaulima.

Haikuwa hiari tangu mwanzo. Karne ya 19 Wangoni walipokuwa wakivamia, Wamatengo walibanwa huku juu, kwenye mapango na miinuko, watu wengi katika ardhi ndogo iliyosimama wima. Ukilima mteremko kama huo kwa njia ya kawaida, mvua mbili tu na udongo wako umeshafika Ziwa Nyasa. Wakatafuta njia ya kuushika. Baadaye wakaja Wajerumani, na mwaka 1902 watu wengi wakauawa hapa Litembo. Dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini hivi, alinionyesha upande wa mapango bila kupunguza mwendo.

Nyumbani nimefika saa tisa. Mama Mkubwa alikuwa uani anapepeta maharage ya mbegu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Dar hamli?"

Tukalia kidogo, kama inavyopasa, kisha akaniuliza kama mbasa amekaangwa au mbichi.

Alhamisi: shambani

Nimeamka nikakuta Mama Mkubwa na mawifi wawili wameshabeba majembe. Nikasema naja. Wakacheka, wakanipa jembe lenye mpini mfupi.

Nyasi zilikuwa zimefyekwa zaidi ya wiki moja nyuma na kuachwa zikauke. Kazi ya kwanza ni kuzikusanya na kuzilaza kwa mistari: mistari inayoshuka na mlima, halafu mingine inayoukata mlima, mpaka shamba zima limechorwa miraba, kila mraba kama hatua mbili kwa mbili. Hapo ndipo jembe linapoingia. Unasimama katikati ya mraba, unachimba, udongo unautupa juu ya nyasi pande zote nne. Ukimaliza, nyasi zimefunikwa na kuwa matuta, na uliposimama pamekuwa shimo. Mbegu za maharage zinapandwa juu ya tuta. Mvua ikija, maji hayana pa kukimbilia. Yanaingia shimoni, yanatua, yanazama polepole, na tope zuri linabaki chini. Magugu yanayopaliliwa yanatupwa humo humo, yanaoza. Maharage yakishavunwa, mahindi yanafuata msimu wa mvua unaoanza mwishoni mwa mwaka. Na zamu ya kuchimba upya ikirudi, tuta jipya linawekwa pale palipokuwa na shimo, kwa hiyo shamba linajilisha kwa kubadilishana nafasi.

Nimechimba mashimo manne, mgongo ukakataa. Mama Mkubwa, anayekaribia miaka themanini, alikuwa safu ya tatu.

Tulipokaa kupumzika nikamtolea ile karatasi, nikamsomea sentensi ya kilimo. Akafikiri. Kisha akasema, "Sasa hapo andika kwamba alikuwa anafyeka vizuri."

"Basi?"

"Basi nini? Kufyeka ni kazi ya wanaume, kuchimba ni yetu. Yeye alifyeka vizuri na mistari aliilaza mwenyewe, hakumwachia mtu. Mistari ikikaa vibaya, shimo la juu linamwagia la chini, na mvua kubwa ikija matuta yanapasuka yote. Yetu hayakupasuka. Mashimo nilichimba mimi. Usije ukasema kanisani kwamba alichimba, watu watacheka."

Wifi mkubwa akamkumbusha jambo, kwa Kimatengo, na Mama Mkubwa akafunika uso kwa kanga huku akicheka. Ikabidi anieleze. Alipokuwa na mimba ya mtoto wa nne aliugua, na maharage yalikuwa hayajapandwa. Baba Mkubwa alikwenda kuchimba usiku, mbalamwezi, kusudi majirani wasimwone mwanamume mzima anafanya kazi ya wake. Alirudi kabla jogoo hajawika. Ilichukua usiku kadhaa. Watu wakajua tu, maana mashimo yake yalikuwa na kina kuliko ya mtu yeyote kijijini.

Miaka ya 1990 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pamoja na Wajapani, kupima ngoro na kuandika habari zake. Baba Mkubwa aliwashikia futi. Mmoja akamwuliza shimo linatakiwa kuwa na kina gani. Akajibu, "Mpaka chini ya goti la mke wangu." Nasikia Mjapani akaandika hivyo hivyo, kisha akaomba kumwona mke.

Alasiri mvua imenyesha ya kuchapa. Tulikimbilia kibandani, na kutoka pale niliona mashamba mawili kwa pamoja. Letu, na la jirani aliyelima matuta marefu ya kushuka na mlima kwa sababu yanakwenda haraka na hana wa kumsaidia. Kwake maji yalishuka mekundu. Kwetu mashimo yalijaa moja moja, yakabaki yamejaa. Chini, kijito kilikuwa cheupe upande mmoja na chekundu upande wa pili. Nilisimama pale hadi nikalowa, kwa sababu nilikuwa ninaliona jibu la lile swali la Kimara.

Ijumaa: kopo la stakabadhi

Leo ni kahawa. Ngoro ilitulisha, kahawa ilitusomesha, na kwenye ukoo wetu hayo yamegawana heshima sawa.

Kahawa imefika Umatengo miaka ya 1920, chini ya Chifu Chrisostomus Makita, na babu yetu alikuwa miongoni mwa waliokubali kupanda. Baba Mkubwa alirithi mibuni hiyo inayoizunguka nyumba. Mwenye kahawa hapa hakai mbali nayo, unafungua dirisha na tawi linaingia. Inavunwa ikiwa nyekundu, inamenywa siku hiyo hiyo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa kwenye kichanja. Sisi watoto tulikuwa walinzi wa kichanja. Wingu likitokea, kelele moja na nyumba nzima inakimbia na maturubai.

Kaka ameleta kopo kubwa la maziwa ya unga, lina kutu kwenye mdomo. Ndani zimo stakabadhi zote za kahawa alizowahi kupewa, zimefungwa kwa ugwe wa katani mwaka kwa mwaka. Nimekaa nazo barazani tangu asubuhi. Ukizipitia unaisoma nchi. Zipo za chama cha zamani. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na jina juu ya karatasi likabadilika. Miaka ya 1980 ushirika ukarudi, jina likabadilika tena. Mwaka 1994 soko likafunguliwa na zikaanza stakabadhi za wanunuzi binafsi, nyingine ni vipande vya daftari vilivyotiwa saini tu.

Fungu moja limefungwa mara mbili. Ni kahawa iliyopokelewa, ikapimwa, na haikulipwa kamwe. Chama kilikuwa kimekwisha kufa, wakulima hawakuambiwa. Mwaka ule kaka yangu wa pili aliacha sekondari. Majirani wengi wakaingiwa na hasira na mibuni, wengine wakaing'oa wakapanda mahindi. Baba Mkubwa hakung'oa. Alichukua msumeno akaikata yote kwenye visiki, urefu wa goti, akawaambia watu kwamba chama kinaweza kufa lakini mizizi haijafa. Miaka miwili na zaidi hakuvuna kitu. Visiki vikachipua, akachagua machipukizi mawili matatu kila kisiki, mengine akaondoa, na ile mibuni ndiyo ninayoitazama sasa, ina punje za kijani. Chulebuni, ugonjwa wa punje za kahawa, imeishika sehemu ya bondeni. Kaka anataka kupanda miche mipya inayostahimili, ile ya watafiti wa kahawa walioko Ugano, hapa hapa wilayani. Ninaona afanye hivyo.

Mchana amekuja mzee jirani, mwenye fimbo, kutoa pole ya mwaka. Alisikia naandika. Akanywa chai yake taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, utaandika na magoma?"

Magoma ni hivi: una shida ya fedha, mahindi yameisha, mtoto anadaiwa ada, na kahawa bado maua. Anakuja mwenye fedha anainunua ikiwa mtini kwa bei ya kuponea. Ukivuna, mzigo ni wake. Serikali inaikataza na viongozi wanaihubiri vibaya kila msimu, na bado ipo, kwa sababu shida nayo ipo.

"Baba yako alichukua kahawa yangu kwa magoma," mzee akasema. "Ule mwaka wa njaa. Nusu ya bei, au pungufu."

Nikanyamaza. Kaka akatazama uani.

"Hakurudisha kitu. Lakini msumeno wa kukatia visiki alinipa yeye, na siku tatu akakaa shambani kwangu akinionyesha chipukizi la kuacha na la kuondoa. Kwa hiyo mimi nashindwa nimwekee nini. Nimekuja kukuambia tu, uamue wewe."

Baada ya kuondoka kaka amesema hilo lisiingie. Mama Mkubwa, kutoka jikoni, amesema liingie, ila lisemwe kwa adabu. Hatukumalizana.

Jumamosi: kaburi na misa

Mafundi wameanza saa kumi na mbili asubuhi na vigae vya mwisho vimewekwa padri akiwa ameshafika. Kaburi liko juu kidogo ya nyumba, mbele ya mibuni. Kaka alitaka vigae vyeupe vyote. Mimi nimeona vinang'aa mno, lakini aliyenunua ndiye anayechagua.

Katekista alinionya mapema: dakika tano. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili kwa mkono, nikakata moja. Nikaacha ubatizo na ndoa, maana parokia inayo kwenye vitabu. Ugonjwa nikaupa mstari mmoja. Sehemu ya kati ilikwenda hivi:

"Alifyeka nyasi za shamba la mlimani kila Machi tangu ujana wake hadi mwaka wa mwisho. Mistari aliilaza mwenyewe, na matuta ya shamba lake hayakupata kupasuka. Mashimo alichimba mkewe, isipokuwa mwaka mmoja. Kahawa yake ilipochukuliwa bila kulipwa hakuing'oa, aliikata visiki akasubiri. Watu aliwakopesha, na wakati wa shida aliwanunulia kwa bei iliyomfaa yeye zaidi. Aliwafundisha pia, bila kudai."

Kwenye "isipokuwa mwaka mmoja" wanawake wa upande wa kushoto waliangua kicheko wote kwa pamoja, ndani ya misa, na padri akatazama chini. Kwenye kununua, kimya kilishuka. Nilimtafuta yule mzee mwenye fimbo, nikamwona anatikisa kichwa taratibu kukubali. Mwingine nyuma yake akasema kwa sauti, "Na kufyeka alianza Februari, siyo Machi! Alikuwa na haraka yule." Nikalazimika kusema Februari.

Baada ya hapo ni ugali, maharage, ng'ombe, na ulanzi uliotoka Njombe kwa basi ukiwa unafoka kwenye madumu. Vijana wamepiga mganda hadi jioni, sare nyeupe, filimbi, mistari iliyonyooka kama ya askari. Baba Mkubwa alikuwa mchezaji wa mganda enzi zake, nikakumbuka nikiwa nimeshamaliza kusoma.

Jumapili: kikao

Watu wa nje wameondoka na ukoo umekaa chini ya mparachichi. Ardhi yetu ni kipande cha mlima kati ya vijito viwili, kutoka msitu wa juu hadi vinyungu, bustani za bondeni. Sisi tunakiita ntambo, na kwa desturi kinagawanywa kwa watoto wa kiume. Baba Mkubwa na Mama Mkubwa walijaliwa wana wanne na mabinti watatu. Dada mdogo ameachika, amerudi nyumbani na watoto wawili, na miaka mitatu ya mwisho ndiye aliyemhudumia Baba Mkubwa na kulima.

Mzee wa ukoo alianza kwa kusema dada atakula kwa kaka zake. Nikaomba ruhusa, nikasema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Akanijibu kwa upole kwamba sheria anaifahamu, ila sheria haijui kipande kipi kina maji. Hapo alikuwa na haki, basi tukaacha kubishana haki tukaanza kubishana vipande, na mambo yakasogea.

Kahawa ya kuzunguka nyumba ni ya Mama Mkubwa maisha yake yote, na mapato yake hayaguswi. Kaka mkubwa anaanza na miche mipya upande wa bondeni, gharama ni zake. Waliopo mjini hatukuomba kitu. Tulibaki kwenye ngoro ya juu ya kijito, ile niliyoshindwa kuimaliza Alhamisi. Kaka wa tatu aliitaka. Mama Mkubwa, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akauliza nani kati yao ameshika jembe pale msimu huu. Hakuna aliyejibu.

Ikaamuliwa ni ya dada mdogo, imeandikwa kwa jina lake, na mwenyekiti wa kijiji atapelekewa nakala. Mzee akaongeza sharti kwamba kaka zake wamfyekee nyasi kila mwaka hadi atakapompata wa kumfyekea. Dada akasema nyengo ya kufyekea anayo, na sharti hilo liondolewe. Wakabishana kidogo, kisha katibu akalipiga mstari.